Usipoziba ufa… lakini unauziba na nini?



Wiki iliyopita mmoja wetu aliweka hapa picha ya shule moja ya zamani ya mji wetu, ile iliyojengwa na mawe ya makoro, yenye baraza ndefu mbele na matao manne. Sitaitaja jina. Wengi wenu mumeitambua, na mimi mwenyewe nilisomea mule miaka sita ya msingi. Chini ya picha watu wameandika "imependeza", "mupya kabisa", "pongezi kwa komite". Kuta zimepakwa rangi ya maziwa, na chini kuna mkanda wa rangi ya udongo ili miguu ya watoto isichafue. Hakuna ufa hata mmoja unaoonekana.

Sikuandika kitu siku ile, juu nilijua jibu langu litakuwa refu. Ndilo hili. Na niseme mapema: mimi ni agronome, si mtu wa majengo. Lakini kazi yetu sisi wa mashamba ni kuangalia kitu kinachougua na kuuliza kinaugua nini kabla ya kununua dawa, na ile shule sioni kama kuna mtu aliyeuliza.

Turudi 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei jioni, Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka upande wa Buhene, ikasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege, tukasema Mungu ametuhurumia. Kumbe ya lava ilikuwa sura ya kwanza tu. Iliyotutosha nyumbani ilikuwa mitetemeko. Usiku na mchana, siku baada ya siku, sahani zinagongana kabatini, mbwa wanalia, watu wanalala nje kwenye mikeka. Nyufa zikafunguka mpaka kwenye barabara, huku kwetu na ng'ambo Gisenyi. Tarehe 27 alfajiri gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame. Munakumbuka barabara ya Sake siku ile. Sina haja ya kuieleza.

Tuliporudi mwezi wa sita, nyumba ya baba yangu, ile ya durable aliyojengea miaka kumi na moja kidogo kidogo, ilikuwa na ufa kwenye kila kona ya dirisha. Nyuma yake kuna jiko la mama, la mbao, limeezekwa manjanja mabovu. Halikupoteza hata msumari. Mama aliligonga na kiganja akasema: "Hii ya mbao ilikuwa inacheza tu, haina neno." Nitarudia maneno yake huko mbele.

Kesho yake nilienda kuangalia shule. Nilizunguka jengo peke yangu karibu saa nzima. Katikati ya madirisha, kwenye vipande vya ukuta vilivyo kati ya dirisha na dirisha, kulikuwa na nyufa mbili zinazokatana kama herufi X. Kwenye kona ya upande wa ziwa, kuta mbili zilikuwa zimeachana kutoka juu. Kule juu kidole kinaingia, chini hakiingii. Baraza ilikuwa imeanza kuliacha jengo, kama mtu anayesogea kidogo kidogo ili aondoke kwenye mkutano bila kuaga. Na pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, ile yenye msalaba na mwaka wa ujenzi, ilikuwa imeinama kuelekea uwanja wa watoto.

Kila moja ya nyufa hizi ina maana yake, na maana hizo hazifanani. Ile ya X inatokea wakati ardhi inasukuma jengo kulia na kushoto, na kipande cha ukuta kinavutwa kwa mshazari mara huku mara kule. Inakuambia: madirisha ni mapana, ukuta wa katikati ni mwembamba, mzigo wote wa mtikisiko umeishia hapa. Kuachana kwa kona kunasema kitu kingine: kuta hazikufungwa pamoja, kila moja ilitikisika kwa mwendo wake, na huko juu hakuna mkanda wa kuzishika. Masoni wa leo wanauita shenaji, ule mshipi wa beto na vyuma unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Wajenzi wa zamani wengi hawakuuweka. Na ile pembetatu iliyoinama ndiyo inayoua. Wanaojua mambo haya watakuambia kwamba katika majengo ya mawe na matofali, kitu cha kwanza kuanguka mara nyingi ni ukuta mrefu usioshikwa na kitu huko juu, na kawaida unaangukia nje, pale watu wanapokimbilia.

Ufa ni kama jani la muhogo. Ukiliona jani limekunjika na lina mabaka ya manjano, hulipaki rangi ya kijani. Unauliza kama ni mozaiki, na mbegu ilitoka wapi.

Sasa nieleze ilivyotengenezwa, kwa sababu niliona. Zilikusanywa feza za wazazi, franka kwa franka, na sina neno baya juu ya hao wazazi. Walileta masoni wawili na mifuko ya sima. Nyufa zilijazwa sima kwa mwiko, kutoka nje tu, juu juu. Ukuta wote ukapigwa ripu ya sima, ukasubiri siku chache, ukapakwa rangi. Ile pembetatu iliyoinama ilipigwa ripu ikiwa imeinama vilevile. Nilimuuliza masoni mmoja kama haogopi. Akacheka: "Komite haitaki kuona ufa. Mi nimetosha ufa. Kama unataka nitoshe na tetemeko, hiyo si kazi yangu, ndugu."

Ana haki. Alilipwa ili kutosha woga machoni mwa watu, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Kosa liko kwa aliyeagiza kazi, na aliyeagiza ni sisi sote, pamoja na walioandika "imependeza".

Kila mtu niliyemuambia haya alinijibu na methali ileile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Naikubali. Lakini methali haikusema unauziba na nini, tena aliyeitunga alikuwa na ukuta wa udongo au wa chokaa mbele yake, hakuwa na mfuko wa sima. Hapa naomba munivumilie kidogo, juu chokaa naijua. Sisi tunaimwaga mashambani kule Walungu na Kabare kupunguza uchachu wa udongo ili maharage yatoe kitu. Chokaa hiyohiyo ikipikwa vizuri na kuchanganywa na mchanga, inakuwa udongo wa kujengea ambao unakauka polepole kwa kuvuta hewa, unaendelea kuwa mgumu miaka na miaka, na haufikii ugumu wa sima. Huo ulaini si udhaifu. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa inasogea nayo, au inapasuka vipande vidogo ambavyo havina hatari. Maji yakiingia ukutani, yanatoka tena.

Nilipochungulia ndani ya ule ufa wa kona mwaka 2021, niliona kati ya mawe kuna udongo uliochanganywa na chokaa. Makoro yenyewe ni magumu, sima haiwezi kuyaumiza. Udhaifu uko katikati ya mawe. Ukijaza sima kwenye mstari mmoja wa ukuta kama huo, umeweka mfupa mgumu ndani ya nyama laini. Mtikisiko unaofuata hautapasua pale ulipoziba. Utapasua sentimita kumi pembeni. Na ripu ya sima kwenye ukuta mzima inafunga maji ndani, msimu wa mvua unapita, ule udongo wa katikati unaoza polepole, na nje kunang'aa.

Hii si elimu ya Wazungu, kama mmoja wenu alivyonijibu kwa simu. Watu wa pwani ya Uswahili wamejenga na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti kwa karne nyingi, na huko Zanzibar, Mji Mkongwe, mafundi wanaojali kazi yao wanapigana na ripu ya sima kila siku kwa sababu hizihizi za maji. Na Zanzibar inatufundisha jambo jingine chungu. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja. Watu wawili walikufa. Hakukuwa na tetemeko siku ile. Kulikuwa na mafundi kazini, na feza za kulitengeneza zilikuwa zimepatikana, kutoka Oman. Jengo lilikuwa limechoka kwa miaka mingi huku kila mtu akilipiga picha.

Kwa hiyo sisemi kwamba chokaa ni dawa ya yote, au kwamba jengo likiitwa la kihistoria basi litapona. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko la Moroko liliangusha sehemu kubwa ya msikiti wa Tinmel, wa karne ya 12, ukiwa katikati ya kutengenezwa, na baadhi ya mafundi wake walikufa. Hao walikuwa watu wanaojua kazi yao.

Kuna wanaosema basi tubomoe, tumalize. Rafiki yangu mmoja wa promosyo yetu, yuko Bukavu, aliniandikia hivyo: "Wewe unalilia mawe, mimi nalilia watoto." Sentensi hiyo ilinikaa rohoni. Yeye alikuwa mtoto Bukavu Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga asubuhi watu wakiwa kwenye misa. Kule Rusizi, ng'ambo ya mto, kanisa liliwaangukia waumini. Mtu aliyekulia ndani ya habari hiyo hawezi kuambiwa tu kwamba matao ni mazuri.

Lakini kubomoa nako kuna namna yake, na mfano ulio karibu nasi ni Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9, ukubwa uleule wa Bukavu, lilipiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa. Kati ya majengo yaliyoumia sana kulikuwa na shule mbili za sekondari za siku nyingi, Ihungo na Nyakato, mpaka wanafunzi wakapelekwa shule zingine. Ihungo, shule ya tangu zama za wamisionari, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na Rais Magufuli akaifungua mwaka 2017. Mwaka mmoja na kitu, shule nzima, mabweni, madarasa! Sisi huku tungengojea miaka ishirini. Nimeangalia picha zake. Ni majengo safi, yamenyooka, watoto wanalala bila woga, na sina ujasiri wa kumuambia mzazi wa Bukoba kwamba nilitaka kitu kingine.

Hata hivyo jicho langu linabaki pale. Ukizitazama zile picha bila kusoma maandishi, huwezi kujua kama uko Bukoba, Dodoma au Kisangani. Jengo jipya linaweza kumlinda mtoto na bado likamueleza kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Kati ya ripu ya sima na tingatinga kuna njia ya tatu. Unaikagua kila chumba. Kinachoweza kuua, unakishusha, tena mapema. Kinachoweza kusimama, unakifunga: vyuma vinavyopita kutoka ukuta hadi ukuta na kukazwa nje kwa sahani za chuma, mshipi wa juu, paa jepesi lililofungwa vizuri na kuta. Mawe unayoyashusha unayaandika namba na kuyatunza. Italia wanafanya hivyo, nyufa zao ni nyingi kuliko zetu. Kazi ni ya polepole na inachosha, haina siku ya kukata utepe, na ndiyo sababu haipendwi.

Na kwetu nani angeikagua? Hapa ndipo hasira yangu inapanda. Nchi hii ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Inaruhusu Serikali kuandikisha jengo kama urithi, na likishaandikishwa, mwenyewe hawezi kulibomoa wala kuligeuza bila ruhusa. Sheria ina umri kuliko wengi wa wazazi wenu. Nilikwenda kwenye ofisi moja hapa mjini kuuliza orodha ya majengo ya Goma yaliyoandikishwa. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Nikaambiwa mwenye kuhusika amesafiri, nirudi juma lijalo. Juma lililofuata nilirudi. Alikuwa bado safarini.

Angalieni pia orodha ya UNESCO. Kongo yetu ina maeneo matano ya urithi wa dunia: Virunga tangu 1979, Garamba na Kahuzi-Biega 1980, Salonga 1984, hifadhi ya Okapi 1996. Yote matano ni misitu na wanyama. Hakuna nyumba hata moja, hakuna mji, hakuna ukuta. Mimi ni mtu wa mimea, Virunga ni mlango wetu, sitaki mnisome vibaya. Lakini mgeni akisoma orodha hiyo atadhani nchi hii imekaliwa na sokwe peke yao.

Kitu kingine kinachonishangaza ni kwamba ujuzi wa matetemeko hatuukosi. Hapa tuna kituo cha kuchunguza volkano, OVG, tangu 1986, hata kama mlipuko wa 2021 uliwakuta wamekaa miezi bila feza za intaneti. Na mwaka wa mwisho wa lisansi tulipelekwa Lwiro, kule Kabare. Kama hamjafika, fikeni. Ilianzishwa 1947 kama IRSAC, chuo cha utafiti cha Wabeljiji, leo ni CRSN. Una bustani, una maktaba ya mbao iliyojaa vitabu ambayo ukiingia unaacha kuongea wenyewe, una mimea iliyokaushwa na kuandikwa majina kwa mkono wa mtu aliyekufa zamani. Na tangu miaka ya 1950 kuna vyombo vinavyoandika mitetemeko ya bonde letu la Kivu. Nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia mashariki ya Kongo ndiyo hiyohiyo inayosikiliza ardhi ikitikisika. Tunajua kusoma ardhi. Kuta hatujaanza kuzisoma.

Goma ina sababu yake ya kuwa na haraka. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikachukua katedrali ya Saint-Joseph na maduka na nyumba ambazo wazee wetu wakizitaja wanaonyesha kwa kidole chini, siyo pembeni. Mji wetu wa zamani uko chini ya miguu yetu. Majengo ya zamani yaliyobaki juu ya makoro ni machache, unaweza kuyahesabu asubuhi moja kwa miguu. Mji wenye mengi unaweza kupoteza moja. Sisi tunahesabu.

Nirudi kwa maneno ya mama. Tunaposema urithi wa majengo hapa kwetu, kila mtu anafikiria mawe: kanisa, shule ya misioni, villa ya mkoloni pembeni ya ziwa. Nyumba ya mbao hakuna anayeitaja. Nyumba ya mbao ni ya maskini, ni ya kungojea, mtu anaijenga huku akiomba radhi: "Bado najitafuta, nitaweka durable." Lakini zunguka Majengo, Mabanga, Ndosho, uangalie zimesimama juu ya nini. Zimekaa juu ya makoro, na nyingi zilipita mitetemeko ya 2021 bila neno, wakati nyumba za bloku zilizojengwa bila shenaji zilifunguka kama mkate. Mbao ni nyepesi. Misumari inaruhusu kusogea. Ikianguka, mtu anaweza kutoka chini yake akiwa mzima. Na ukihama, unaibomoa ubao kwa ubao, unaipakia juu ya chukudu, unaijenga fasi nyingine.

Haiti walijifunza hivyo kwa bei kubwa. Tetemeko la Januari 2010 lilipoangusha Port-au-Prince, nyumba nyingi za beto zililala chini sakafu juu ya sakafu, na katedrali ikaanguka. Nyumba za mbao za zaidi ya miaka mia moja, zile zenye nakshi kwenye paa ambazo watu walikuwa wameziacha zioze, nyingi zilibaki zimesimama, zimeinama, zimeparuka, lakini zimesimama. Wataalamu walipokuja kuzichunguza ndipo ikasemwa kwa sauti kwamba mafundi wa zamani walikuwa na akili. Mimi sipendi tungojee wataalamu waje kutuambia hivyo juu ya nyumba za mama zetu.

Najua pingamizi. Mbao inaungua, na moto wa Goma tunaujua, nyumba thelathini kwa usiku mmoja kwa sababu ya makaa au waya mbovu. Tena mbao inatoka wapi? Mimi agronome siwezi kujifanya sijui kwamba msitu unalia. Lakini mikaratusi na greveleya zinapandwa, zinakatwa, zinapandwa tena. Sima na chuma zinatoka mbali, kwa dola. Ningetaka kuona mtu mmoja, mwanafunzi wa majengo kati yenu munaosoma hapa, afanye memwari yake juu ya nyumba ya mbao ya Goma: maungio yake, msingi wake juu ya makoro, fundi anavyopima bila mita. Kila mwaka natazama orodha ya memwari. Mia moja juu ya beto.

Sasa ile shule yetu. Picha iliyowekwa hapa ni ya mwaka wa kwanza baada ya ripu. Mimi nilipita pale mwezi wa kumi na moja uliopita. Rangi ya maziwa imeanza kuonyesha mstari mwembamba wa mshazari kando ya dirisha la tatu, pembeni kabisa ya pale palipozibwa. Kwenye kona ya upande wa ziwa ripu inatoa sauti ya debe tupu ukiigonga. Na komite, ambayo kwanza iliniambia jengo ni zima kabisa, sasa inaambia wazazi kwamba jengo ni la hatari na kuna mtu wa biashara aliye tayari kusaidia: abomoe, ajenge gorofa, chini maduka, juu madarasa. Ona safari hiyo. Kwanza tunaficha ufa, halafu ufa tuliouficha unakuwa ushahidi wa kubomoa. Hakuna siku hata moja kati ya hizo mbili ambapo mtu alipanda ngazi kuangalia.

Nilimuomba mwalimu mkuu kitu kimoja kidogo. Kuna njia ya zamani sana ya kujua kama ufa unaishi au umelala: unachukua kipande cha kioo chembamba, unakigandisha juu ya ufa na plasta pande zote mbili, unaandika tarehe. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Gharama yake ni kioo cha dirisha lililovunjika na plasta kidogo. Mwalimu mkuu, ambaye alinifundisha mwenyewe darasa la nne na bado ananiita "kijana", aliniangalia muda mrefu, kisha akanipa ngazi.

Tuliweka vioo vitatu. Kimoja kwenye X ya dirisha la tatu, kimoja kwenye kona ya ziwa, kimoja chini ya ile pembetatu yenye msalaba. Watoto wa darasa la sita wanaviangalia kila Jumatatu na kuandika kwenye daftari, wanabishana sana nani ashike ngazi. Kile cha dirishani ni kizima mpaka leo. Cha kona ni kizima. Kile cha pembetatu kilipasuka mwezi wa pili, usiku, na hakuna mtu mjini aliyesikia tetemeko.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Nimeomba mwalimu mkuu asiweke viti upande ule.